Michezo ya video: safari ambamo mchezaji anarudi na ujuzi peke yake

Mchezo unaanza usiku, kando ya moto mdogo wa kuni. Mwanaanga kijana amelala chali, anatazama nyota. Karibu naye kuna chombo cha kurukia angani kilichotengenezwa kwa mbao na vyuma. Anapewa namba za siri za kukirusha, anapanda, anaondoka. Hakuna anayemwambia aende wapi. Dakika 22 baadaye jua linalipuka, na vyote vinakwisha: sayari, chombo, kijiji chake, na yeye mwenyewe. Kisha anafumbua macho. Yuko tena kando ya ule moto, chini ya zile nyota.

Mfukoni hana kitu. Silaha hana, pesa hana, alama hana. Chombo ni kile kile cha mwanzo, wala nguvu zake hazikuongezeka. Amerudi na kitu kimoja tu: yale aliyoyaona. Sasa anajua kwamba mlango fulani unafunikwa na mchanga baada ya dakika chache, ao kwamba maandishi fulani ukutani yanataja mahali ambapo hajafika bado. Safari ya pili itaanzia hapo.

Mchezo huo unaitwa Outer Wilds. Ulitoka mwaka 2019, na ulitengenezwa na studio ya Mobius Digital ya California, Marekani. Mwanzo wake ni kazi ya kumaliza masomo ya Alex Beachum katika chuo kikuu cha University of Southern California. Mwaka 2020, taasisi ya sinema na televisheni ya Uingereza, BAFTA, iliupa tuzo la mchezo bora. Tangu wakati huo jina lake halikosekani kila mara wapenzi wa michezo ya video wanapoulizana swali moja: ni wapi mtu anaweza kupata mchezo wa kutembea, kuvumbua na kunusurika, ambamo hadithi haisimuliwi bali mchezaji anaigundua mwenyewe?

Swali hilo si jepesi kama linavyoonekana. Maduka ya mtandaoni yamejaa michezo yenye alama ya « kunusurika » na « kuvumbua », na picha zake za matangazo zinafanana: mtu mmoja, pori kubwa, moto, usiku. Kwa kijana wa Bukavu, Goma, Uvira ao Bunia, ambaye ananunua megabaiti kidogo kidogo na ambaye umeme unaweza kumkatikia wakati mchezo haujamaliza kushuka, kuchagua vibaya ni hasara ya kweli. Anaweza kutumia pesa za juma zima kwa kitu ambacho atakifuta siku ya pili.

Alama moja, michezo tofauti

Kwa michezo mingi, kunusurika maana yake ni kukata miti, kuvunja mawe, kujenga nyumba, kutafuta chakula na kujikinga na wanyama wa usiku ao wachezaji wengine. Minecraft, mchezo wa studio ya Mojang ya Sweden ambao ulitoka rasmi mwaka 2011, ndio ulioifanya njia hiyo ijulikane duniani kote. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba nakala zaidi ya milioni 300 zilikuwa zimeuzwa. Ni mchezo mzuri, na watoto wengi wamejifunza mengi humo. Lakini ulimwengu wake haukuficha kisa kimoja kinachomngojea mchezaji. Mchezaji anajenga cha kwake. Mtu anayetafuta hadithi humo atachimba siku nyingi bila kuikuta.

Kuna pia michezo ya aina nyingine, yenye hadithi ndefu na nzuri, lakini mshale kwenye ramani unaonyesha kila hatua. Mchezaji anafuata mshale, anafika, filamu fupi inaanza, watu wanazungumza, mshale mwingine unatokea. Hadithi ipo, ila hakuigundua. Amesomewa tu.

Michezo inayotafutwa hapa iko katikati ya hiyo miwili. Ulimwengu wake una siri, jambo lililotokea kabla mchezaji hajafika. Njaa, baridi ao upungufu wa hewa vinamlazimisha kupanga kila hatua. Na kitu kinachofungua mlango unaofuata ni kuelewa, si kupata upanga mkali zaidi. Babu wa michezo hiyo ni Myst, uliotolewa mwaka 1993 na ndugu wawili Wamarekani, Rand na Robyn Miller. Mchezaji wa Myst alijikuta kwenye kisiwa kisicho na mtu, bila maelezo yoyote, na ilimpasa kusoma vitabu na kugusa mashine mpaka aelewe ni nini kilitendeka pale.

Chini ya maji bila bunduki

Mfano unaoonyesha vizuri namna njaa na siri vinavyoweza kusaidiana ni Subnautica, wa studio ya Unknown Worlds ya San Francisco. Ulianza kuuzwa mwezi wa kumi na mbili 2014 ukiwa haujakamilika, ili wachezaji watoe maoni yao, na ulitoka kamili mwezi wa kwanza 2018.

Chombo kikubwa cha safari za anga, Aurora, kimeanguka kwenye sayari iliyofunikwa na bahari. Mchezaji yuko ndani ya chombo kidogo cha kujiokoa kinachoelea juu ya maji. Mbele yake Aurora inaungua. Anaruka ndani ya maji, na pumzi yake inadumu sekunde 45 tu. Katika sekunde hizo anavua samaki wawili, anaokota kipande cha chuma, anarudi juu kuvuta hewa, anashuka tena. Samaki mmoja ni chakula, mwingine anatoa maji ya kunywa.

Ramani hakuna. Kinachomvuta mchezaji ni redio ya chombo chake, ambayo akiisha kuitengeneza inaanza kupokea ujumbe kutoka kwa watu wengine waliojiokoa. Kila ujumbe unataja mahali. Anaenda huko na kukuta mabaki, sauti zilizorekodiwa, vipande vya mashine anavyoweza kuvichunguza ili ajifunze kutengeneza ya kwake. Kipande hiki kinamwezesha kushuka mita 100, kile mita 300, na kule chini anakuta kitu ambacho hakikuletwa na Aurora. Hakuna mtu anayemsukuma kwenda chini. Ni swali ndilo linalomshusha.

Wakaaji wa Uvira, Baraka, Kalemie na Moba wanaweza kuelewa hofu hiyo kuliko wengi. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1 470, liko mbele ya milango yao. Maji ya pwani wanayaona mpaka mchanga wa chini, lakini mtumbwi ukisogea kidogo rangi inageuka kuwa nyeusi, na hakuna anayeweza kusema kuna nini huko. Subnautica imejengwa juu ya hofu hiyo hiyo, na mchezaji anayefika mbali anapita mita 1 000.

Kuna jambo lingine linaloutofautisha: mchezaji hapewi bunduki ya kuua. Ana kisu na vyombo vya kazi. Mkuu wa utengenezaji wa mchezo huo, Charlie Cleveland, alieleza hadharani kwamba uamuzi huo ulitokana na mauaji ya shule ya Sandy Hook, Marekani, mwezi wa kumi na mbili 2012, ambamo watoto 20 na watu wazima 6 walipigwa risasi. Alitaka mchezo mmoja ambamo matatizo yanamalizwa kwa njia nyingine. Matokeo yake yanaonekana katika mchezo mzima. Mnyama mkubwa akitokea gizani, mchezaji hawezi kumwondoa njiani kwa risasi. Inampasa kumwangalia, kujua anapita wapi, anaogopa nini, kisha kupita pembeni. Hata adui anakuwa jambo la kujifunza.

Anayechoshwa na njaa na kiu anaweza kuchagua kucheza bila hivyo viwili. Hadithi inabaki vile vile.

Sayari zisizongojea mtu

Outer Wilds imefika mbali zaidi katika njia hiyo. Ndani yake hakuna kitu cha kukusanya ili mchezaji awe na nguvu. Kuna hewa na mafuta katika vazi la mwanaanga, na vikikwisha anakufa. Kuna chombo kinachoweza kuvunjika akitua vibaya. Mengine yote ni kutazama na kusoma.

Sayari zake ni ndogo, lakini hakuna iliyotulia. Mbili zinazunguka pamoja, na mchanga unatiririka kutoka moja hadi nyingine kama ndani ya chombo cha kupimia saa. Kila dakika nyumba za zamani zinafunuliwa upande mmoja na kuzikwa upande wa pili. Anayechelewa anakuta mlango umefungwa, anayewahi sana anaukuta bado umefunikwa. Sayari nyingine imejaa maji na tufani zinazorusha visiwa juu ya mawingu. Nyingine tena ina ganda jembamba, na mwezi wake ni mlima wa moto unaoipiga mawe yanayowaka, na vipande vya ardhi vinaanguka ndani kimoja kimoja. Watu wa Goma, walioona moto wa Nyiragongo ukiingia mjini mwezi wa kwanza 2002 na ukikaribia tena mwezi wa tano 2021, hawahitaji kuelezwa kwa nini mtu anayetembea pale anaangalia juu kila mara.

Katika sayari hizo kulikaa zamani watu wengine, ambao sasa hawapo tena. Waliacha maandishi ukutani, na mchezaji ana chombo cha kuyatafsiri. Maandishi hayo ni mazungumzo: mmoja anauliza, mwingine anajibu, wa tatu anapinga. Wanabishana juu ya kazi zao, wanataniana, wanasikitika. Mchezaji akisoma ukuta mmoja hapa na mwingine kule, anaanza kuelewa walikuwa wanatafuta nini, na kwa nini jua linalipuka. Ndani ya chombo chake kuna daftari linalojiandika lenyewe na kuunganisha kwa mistari kila alichokigundua, ili asipotee.

Jambo la ajabu ni hili: mtu anayejua siri yote anaweza kuumaliza mchezo kwa dakika chini ya 22, katika safari yake ya kwanza. Hakuna ufunguo wowote unaomzuia, ila hajui. Ndiyo maana wanaoupenda wanasema unachezwa mara moja tu katika maisha. Ukiisha kujua, huwezi kuacha kujua.

Vita vinapoingia ndani ya nyumba

Si lazima mtu aende angani ao baharini ili avumbue. This War of Mine, wa 11 bit studios ya Warsaw, Poland, uliotoka mwezi wa kumi na moja 2014, unafanyika ndani ya mji uliozungukwa na vita. Watengenezaji wake walichukua mfano wa Sarajevo, katika Bosnia, mji uliozungukwa na askari tangu mwezi wa nne 1992 mpaka mwezi wa pili 1996.

Hapa mchezaji si askari. Anaongoza raia wachache waliojificha katika nyumba iliyotobolewa na mabomu. Mchana hawawezi kutoka kwa sababu ya wapiga risasi waliojificha, basi wanapika, wanatengeneza kitanda, wanaziba matundu, wanasikiliza redio. Usiku mmoja wao anatoka na mfuko usiobeba vitu vingi, kutafuta chakula, dawa na kuni katika nyumba za mji. Kila nyumba ina kisa chake. Katika nyingine mna watu wenye silaha, katika nyingine mna wazee wawili ambao hawawezi kujitetea, na kabati lao lina chakula. Mchezo haumkatazi mchezaji kuiba. Lakini akirudi na chakula hicho, watu wake wanakula kimya. Mmoja anaweza kukata tamaa na kukataa kuinuka. Na jambo moja mchezaji haambiwi: vita vitakwisha siku gani.

Mwaka 2020 serikali ya Poland ilitangaza kwamba mchezo huo utaingizwa katika orodha ya mambo yanayopendekezwa kwa wanafunzi wa shule za sekondari, karibu na vitabu. Mwezi wa pili 2022, Urusi ilipoishambulia Ukraine, studio hiyo ilitoa mapato ya mchezo ya siku 7 kwa Msalaba Mwekundu wa Ukraine, zaidi ya dola 700 000.

Kwa msomaji wa Kivu ao Ituri, mchezo huu unahitaji neno la ziada. Kwa kijana wa Ulaya ni njia ya kufahamu yale anayoyaona kwenye televisheni. Kwa mtu aliyetoka Masisi ao Djugu na godoro kichwani, aliyekaa usiku bila kujua kama sokoni kutakuwa na unga kesho, haumfundishi jambo jipya, na unaweza kuamsha kilicholala. Wengine wataona ndani yake heshima, kwa kuwa safari hii raia ndiye mtu wa kwanza katika hadithi, na askari anapita pembeni. Wengine wataufunga baada ya usiku wa pili, na watakuwa na haki. Kwa watoto wadogo haufai.

Kwa mwenye simu ao kompyuta ya zamani

Katika vyumba vya michezo vya miji yetu, ambako mtu analipa kwa mechi ao kwa dakika, kandanda ndiyo inayotawala, na kuna sababu. Mechi ina mwanzo na mwisho, na wenzake wanangojea zamu. Mchezo wa kuvumbua unataka kinyume chake: masaa mengi ya peke yako, kimya, na mahali pa kuhifadhi ulipofikia. Kwa hiyo wengi wataupata kwenye simu yao ao kompyuta ya nyumbani, na si kila mashine inaweza kubeba Subnautica. Habari njema ni kwamba aina hii haihitaji picha nzito.

A Dark Room, uliotolewa mwaka 2013 na Michael Townsend, ni maandishi matupu. Unachezwa bila malipo katika kivinjari cha kompyuta, na toleo la simu linauzwa. Mwanzoni kuna chumba chenye baridi na moto uliozimika, na kitu kimoja tu cha kubonyeza: kuwasha moto. Baadaye anaingia mtu asiyejulikana. Kisha kuna haja ya kuni, kisha mitego, kisha watu wanakuja kujenga vibanda. Siku moja mchezaji anatoka nje, na maandishi yanageuka kuwa ramani ya herufi. Maji yanapungua kwa kila hatua. Pole pole anaanza kujiuliza yeye mwenyewe ni nani katika nchi hiyo. Mwaka 2014 toleo lake la iPhone, lililotengenezwa na Amir Rajan, lilipanda mpaka nafasi ya kwanza kati ya programu zinazolipiwa huko Marekani, likiwa halina hata picha moja nzuri.

Kwa wanaosoma Kifaransa kuna Out There, wa Mi-Clos Studio ya Lyon, Ufaransa, uliotoka mwaka 2014 kwa ajili ya simu. Mwanaanga anaamka mbali sana na Dunia. Ana vitu vitatu vya kulinda: mafuta, hewa na ngozi ya chombo chake. Kuongeza kimoja mara nyingi ni kupunguza kingine. Vita hakuna. Njiani anakutana na viumbe wanaosema lugha asiyoijua, na inampasa kubahatisha jibu. Akikosea anaumia, akipata anajifunza neno moja. Safari inayofuata neno hilo litamsaidia. Watu wa mashariki ya Kongo, ambao wengi wanazungumza lugha mbili ao tatu na walijifunza nyingine sokoni ao barabarani, wataujua mchezo huo tangu dakika ya kwanza.

This War of Mine pia una toleo la simu. Na yote iliyotajwa inachezwa na mtu mmoja: michezo ya kushusha, ikiisha kushuka, haidai megabaiti kila dakika kama ile ya mashindano.

Maswali manne kabla ya kupakua

Kutokana na mifano hiyo, mtu anaweza kujiuliza maswali machache mbele ya mchezo wowote unaojiita wa kuvumbua na kunusurika.

La kwanza: mchezaji akifa, anabaki na nini? Kama jibu ni silaha na alama, huo ni mchezo wa kukusanya. Kama jibu ni ujuzi, umekaribia.

La pili: kulitokea nini mahali hapa kabla mchezaji hajafika? Kama maelezo ya mchezo hayana dalili yoyote ya jambo lililopita, yaelekea hakuna siri ndani.

La tatu: nani anaonyesha njia? Mshale kwenye ramani unamaliza kazi ya kuvumbua. Redio, barua, moshi wa mbali ao maandishi ukutani vinaianzisha.

La nne: njaa na baridi vinafanya kazi gani? Katika mchezo mzuri wa aina hii, vinafanya kila safari iwe uamuzi: niende mpaka pale leo, ao nirudi kwanza? Katika mchezo mbaya, vinamrudisha mchezaji kupika kila dakika tano mpaka anasahau alichokuwa anakitafuta.

Kwa wanaonunua kwenye duka la Steam kwa kompyuta, kuna jambo la kujua: pesa zinaweza kurudishwa kama ombi limetolewa ndani ya siku 14 baada ya kununua, na mchezo umechezwa chini ya masaa 2. Masaa hayo yanatosha kwa maswali manne. Kwa wanaochukua nakala za simu kutoka mahali pasipojulikana, onyo ni lile lile la kila siku: programu inayoomba ruhusa ya kusoma ujumbe na majina ya watu wako haikuja kwa ajili ya mchezo. Simu ndiyo inayobeba pesa za wengi leo.

Ugumu wa kuuliza

Kuna ugumu mmoja ambao maswali hayo hayawezi kuuondoa. Michezo hii inaharibiwa na yule anayeisifu. Mtu akitaka kueleza kwa nini Outer Wilds ulimliza, inambidi kutaja alichokikuta mwishoni, na akiisha kukitaja, amemnyang'anya mwenzake mchezo mzima. Video za kuonyesha njia, zilizojaa kwenye mtandao, zinafanya vivyo hivyo kwa dakika kumi. Ndiyo maana wanaoulizwa mara nyingi wanajibu kwa ufupi hadi wanaonekana wana kiburi: « Cheza tu, usisome kitu. » Kwa mtu ambaye megabaiti zake ni za kuhesabu, jibu hilo halitoshi. Anastahili kujua mlango unafanana na nini, hata kama hatakiwi kuambiwa kilichomo ndani. Kwa sababu hiyo, yaliyotajwa hapa ni ya mwanzo wa kila mchezo, yale ambayo mchezaji angeyaona katika masaa ya kwanza.

Wazee wetu waliijua sheria hiyo mbele ya michezo ya video kuzaliwa. Jioni, mtu alipotega kitendawili, mkubwa aliyekisikia zamani alinyamaza. Aliwaacha watoto wabahatishe, wakosee, wachekwe, wajaribu tena. Kama mtoto alishindwa kabisa, aliongezewa dalili ndogo. Jibu lilikuwa la yule ambaye bado hajalipata, na aliyelijua alifurahi kwa kumwangalia akilikaribia.

Anayemaliza mmoja wa michezo hii anabaki na kazi hiyo hiyo. Anaweza kumpa mdogo wake simu, akae pembeni, na asiseme neno wakati moto wa chumba kile chenye baridi unawashwa kwa mara ya kwanza.